Kuishi Kwenye Mstari wa 18

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Samweli 1:1–20, 2 Wafalme 20:1–7, Luka 1:5–7, Yohana 9:1–3, 1 Wakorintho 7:3–5

UTANGULIZI

Jumapili iliyopita tulihubiriwa habari za Hana. Tangu siku hiyo kina mama kadhaa wameniuliza, mmoja mmoja na kwa sauti ya chini, swali lile lile: kama ninaomba kama Hana, ni sawa pia niende kliniki? Mchungaji ameniomba niandike jibu ili kila mtu alisome, wanaume pia.

Mjue anayewafundisha. Nimeolewa miaka saba na sina mtoto. Nina tatizo la homoni na ovari ambalo madaktari hulitaja kwa herufi nne, PCOS. Tumezoea kusikia ushuhuda wa aliyevuka, akiwa amebeba mtoto mkononi. Mimi sijavuka. Lakini Biblia haikumnyamazisha Hana mpaka Samweli azaliwe. Imetuandikia maneno yake akiwa bado analia. Basi nami nitasema.

1. TUJUE HALI YENYEWE

Kwa kawaida, kila mwezi ovari huanza kukuza vijimfuko kadhaa vya mayai, kisha kimoja hutangulia, hukomaa na kuliachilia yai. Kwa mwenye PCOS, homoni zimekosa mizani. Vijimfuko vinaanza vingi lakini vinasimama njiani, na yai haliachiliwi, au linaachiliwa mara moja moja tu. Sisi tuliokulia Kitale tunajua shamba la mahindi ambalo halikupunguzwa. Mashina yamejaa, kijani kibichi, lakini ukitafuta hindi la kuchoma hupati.

Vijimfuko hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye skani. Si saratani, na si "uchafu wa kizazi" unaohitaji kusafishwa kama mnavyoambiwa na wauzaji wa dawa za mitandaoni.

Ishara zake ni hizi: hedhi inapita siku 35 bila kuja, au inakuja chini ya mara nane kwa mwaka, nywele zinaota kidevuni au kifuani, chunusi haziishi hata baada ya ujana, kwa wengine ngozi ya shingo inakuwa nyeusi. Wengi huongeza uzito, lakini wako wembamba kabisa walio nayo, kwa hiyo usimpime mtu kwa macho. Daktari huangalia mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijimfuko vingi kwenye skani. Mawili yakiwepo, na magonjwa mengine kama ya tezi ya thairoidi yakiwa yameondolewa kwa vipimo vya damu, ndipo anasema ni PCOS.

Kwa wengi wetu chanzo kimoja kikubwa ni insulini, ile homoni inayosaidia mwili kutumia sukari. Mwili hauisikii vizuri, kwa hiyo unatengeneza nyingi zaidi, na insulini ikizidi inaichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo maana mwenye hali hii yuko kwenye hatari zaidi ya kisukari, na anapaswa kupimwa sukari na presha hata kama hatafuti mtoto.

Hali hii si ya kijiji kimoja wala ya kabila moja. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliieleza kwa maandishi mwaka wa 1935. Duniani, karibu mwanamke mmoja kwa kila kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na wengi wao hawajui. Hebu hesabu safu za kina mama siku ya Jumapili. Siko peke yangu humu ndani.

2. SI KILA TUMBO LILILOFUNGWA LIMEFUNGWA NA LAANA

Neno hili nalisema polepole kwa sababu limeumiza watu. PCOS mara nyingi hutembea katika familia. Shangazi yangu alikaa miaka mingi bila mtoto. Binamu yangu pia. Mtu mmoja, ambaye hakuwa wa kanisa letu, alipoyasikia hayo aliniambia, "Dada, hiyo ni kamba ya ukoo, lazima ikatwe," na akanitajia sadaka ya kuikata. Baadaye, kliniki, daktari naye aliniuliza kama kuna wengine kwetu waliochelewa kupata watoto. Nikamjibu vile vile: shangazi, binamu. Yeye akaandika kwenye kadi yangu: historia ya familia. Jibu ni lile lile, lakini la kwanza lilinifanya nimwogope shangazi yangu, na la pili likanifanya nimpigie simu.

Tuangalie Neno. Luka 1:6 inasema wazi kwamba Zakaria na Elisabeti walikuwa wenye haki wote wawili, bila lawama. Mstari unaofuata unasema hawakuwa na mtoto. Yameandikwa karibu hivyo ili mtu asije akasema moja limeleta lingine. Katika Yohana 9, wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Yesu akakataa majibu yote mawili. Na Hana je? Imeandikwa kwamba Bwana ndiye aliyekuwa amelifunga tumbo lake. Haikutajwa dhambi yake, wala ya mama yake, wala ya nyanya yake. Aliyefunga ni yule yule ambaye Hana alimwendea kulia mbele zake.

Mimi naamini kuna vita vya kiroho. Lakini ukimwambia mgonjwa wa homoni kwamba amelaaniwa, umemwongezea mzigo wa pili na ule wa kwanza hujauondoa.

3. MKATE WA TINI NA AHADI YA MUNGU

Sasa tujibu lile swali. Someni 2 Wafalme 20 kwa utaratibu. Hezekia aliugua, akaomba, akalia. Mungu akamjibu kwa kinywa cha Isaya: atapona, na ataongezewa miaka 15. Ahadi imeshatoka, si ndiyo? Mbona basi, katika mstari wa 7, Isaya huyo huyo anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu? Nabii aliyebeba neno la uponyaji ndiye aliyeleta dawa. Hakuona aibu, na Mungu hakukasirika.

Kwa hiyo, dada yangu, nenda kliniki. Mwongozo ni kwamba wanandoa wakitafuta mtoto miezi 12 bila kupata, waende. Mwanamke akiwa amepita miaka 35, asingoje zaidi ya miezi 6. Lakini kama hedhi yako haina mpangilio kabisa, usingoje mwaka uishe. Tayari mwili unakuambia kitu.

Mambo utakayokutana nayo ni haya.

Chakula na mwendo. Kwa aliye na uzito mwingi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha hedhi. Mwenye kilo 90, hiyo ni kilo 4 na nusu hadi 9. Hatuzungumzii kujinyima mpaka uanguke. Punguza donge la ugali, ongeza sukuma wiki na maharagwe, acha soda, punguza sukari kwa chai, na ushuke matatu kituo kimoja kabla ya kwako utembee.

Asidi ya foliki. Ni kidonge kidogo, maikrogramu 400 kwa siku, na huanza kumezwa kabla ya mimba. Humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Vidonge vya kuamsha ovari. Siku hizi kinachotangulizwa ni letrozoli, inayomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Ukisoma karatasi ya ndani ya pakiti utaona inataja saratani ya matiti. Usishtuke, ilianza kama dawa ya ugonjwa huo, kisha ikaonekana inaamsha ovari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2014 uliwafuata wanawake 750 wenye PCOS kwa mizunguko isiyozidi mitano. Waliopewa letrozoli, asilimia 27.5 walijifungua mtoto hai. Waliopewa klomifeni, dawa ya zamani, asilimia 19.1. Nimeweka hesabu hiyo kwa makusudi. Inatupa tumaini, na pia inatukataza kuhukumu, kwa maana wengi walimeza dawa sawasawa na mizunguko ikaisha bila mtoto. Hawakuwa wamekosa imani.

Metformini, dawa ya sukari, hupewa baadhi yetu kwa ajili ya ile insulini. Kama unaimeza na unataka kuingia kwenye mfungo, mwambie daktari kwanza. Vidonge hivi vyote visipofanya kazi, kuna sindano, na kuna yai kutungishwa nje ya mwili, ambayo gharama yake ni kubwa. Usinunue dawa ya kuamsha ovari dukani kwa kuelekezwa na jirani. Lazima uhakikishwe kwanza kwamba huna mimba, na upigwe skani kuona ovari inavyoitika, kwa maana yai linaweza kuwa zaidi ya moja.

Na jambo la mwisho, hata kwa mabinti wetu wa idara ya vijana: hedhi ikipotea zaidi ya miezi mitatu na huna mimba, muone daktari. Usifurahie kwamba umepumzika. Ukuta wa ndani wa kizazi ukikaa muda mrefu bila kushuka unaendelea kuwa mnene, na miaka ikipita hatari ya saratani ya kizazi huongezeka. Dawa ya kuushusha ipo.

4. HANA ALIKUWA NA MUME

Elkana alimpenda Hana, tena sana. Lakini alipojaribu kumfariji kwa kujilinganisha na wana kumi, hakuelewa kilio cha mkewe. Ndugu zangu wanaume, mapenzi bila kusikiliza yanaweza kumwacha mtu mpweke akiwa mezani pamoja nawe.

Jambo la kwanza mnaloweza kufanya ni kupimwa. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kipimo cha mbegu si cha upasuaji wala hakina maumivu. Kumwacha mke ameze vidonge miezi sita kabla mume hajapimwa ni kupoteza pesa na muda. Mume wangu alipimwa juma lile lile nililopimwa mimi. Mama mkwe alipokuja kutoka mashambani na kuuliza, kwa upole lakini akiniangalia mimi, habari ya wajukuu, mume wangu ndiye aliyejibu: "Mama, sisi wawili tunatibiwa. Ukituombea, usiombee mmoja." Mama alinyamaza, halafu akasema, "Basi nitawaombea wote, mwanangu." Tangu siku hiyo akinipigia simu ananiuliza kwanza kama nimekula.

Jambo la pili. Mstari wa 19 unasema waliabudu asubuhi, wakarudi kwao Rama, na Elkana akakutana na mkewe. Maombi ya Shilo hayakuchukua nafasi ya nyumba ya Rama. Wako kati yetu walio kwenye mkesha kila Ijumaa na mfungo kila mwezi, na mume na mke wamekuwa kama wapangaji wawili. Paulo, katika 1 Wakorintho 7:5, anaruhusu wanandoa kutengana kwa muda wa maombi, kisha warudiane. Kwa mwenye PCOS, kuhesabu siku ya 14 hakusaidii kwa sababu mizunguko hailingani, na hata vile vijiti vya kupima siku za yai vinaweza kukudanganya. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu ni bora kuliko kuvizia tarehe. Nisameheni kwa kuliandika wazi, lakini Biblia nayo haikulificha.

5. TUSIWE PENINA, TUSIWE ELI

Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka, tena wakati wa kwenda ibadani. Angalieni hilo: safari ya kwenda kuabudu ndiyo iliyomuumiza. Kuna dada ambaye Jumapili ya kina mama hubaki nyumbani. Anajua wenye watoto wataitwa mbele kupewa maua, naye atabaki kwenye kiti akihesabu vigae. Katika mtaa wetu wanawake huitwa Mama Brayo, Mama Shiru. Mimi naitwa kwa jina langu la ubatizo. Silalamiki, ni jina zuri. Lakini ninyi mlioitwa Mama Fulani kwa miaka 20 huenda hamjui kwamba jina hilo pia ni kiti, na kwamba wengine wamesimama.

Eli hakuwa mbaya kama Penina. Yeye alikosea kwa haraka: aliangalia midomo ya Hana akatoa hukumu kabla ya kuuliza. Lakini aliposikia maelezo, hakushikilia alilosema. Alimbariki na kumwambia aende kwa amani. Viongozi wenzangu, tunaweza kumwiga Eli wa mstari wa 17.

Kwa hiyo naomba haya. Tusiwaulize wanandoa "mnangoja nini?" Tusitangaze ombi la mtu madhabahuni kama hakuturuhusu. Tusimtabirie mtu mtoto kufikia mwaka ujao kama Mungu hajatutuma, kwa maana mwaka utafika. Na kamwe tusimwambie mtu atupe dawa ili athibitishe imani yake. Namjua dada wa ushirika mwingine aliyeambiwa hivyo akiwa kwenye mzunguko wa tatu, ovari zikiwa zimeanza kuitika. Alitii. Miezi minane baadaye alirudi kliniki akiwa na deni, na kilichomchukua muda mrefu zaidi kurudi ni moyo wa kuomba.

Badala yake, fanyeni hivi. Msindikize kliniki, foleni ya skani ni ndefu na upweke wake ni mrefu zaidi. Sisi tunachanga kwa arusi, tunachanga kwa mazishi. Ushirika wa nyumbani unaweza kuchanga kwa vipimo. Na akikataa kushika mtoto mchanga siku moja, usiseme ana wivu. Kesho atamshika.

6. MSTARI WA 18

Sasa tufike mahali ambapo mimi naishi. Katika mstari wa 7 Hana analia, hali chakula. Katika mstari wa 20 ana Samweli mikononi. Sisi husoma haraka kutoka 7 hadi 20. Lakini katikati kuna mstari wa 18: alikwenda zake, akala, na uso wake haukuwa tena na huzuni.

Alikula siku ile ile. Tumbo lilikuwa vile vile. Penina alikuwa bado kambini na watoto wake. Hakuna ishara hata moja iliyokuwa imebadilika. Hana hakuwa na mstari wa 20 wa kusoma kama sisi. Alichokuwa nacho ni kwamba amemwambia Mungu yote, bila kupunguza, na amemwachia.

Amani ya Hana haikuwa malipo ya mtoto. Ilitangulia. Na kama ilitangulia, basi mimi pia naweza kuipata leo, kabla ya majibu. Juma lijalo naanza mzunguko wa nne wa vidonge. Yanaweza kuwa majibu mema. Inaweza pia kuja hedhi, na nitalia, na mume wangu atapika chai, na tutarudi kwa daktari kuuliza hatua inayofuata. Tumezungumza pia juu ya kuasili mtoto, na tunaliombea hilo bila kuliona kama kushindwa. Sijaambiwa ni mlango upi. Nimeambiwa niende kwa amani, na nile.

MAMBO YA KUTENDA JUMA HILI

1. Kila mwanamke aandike tarehe za hedhi zake. Zikiwa hazina mpangilio, aende kituo cha afya.
2. Wanandoa wanaongoja mtoto waweke siku ya kwenda pamoja, wote wawili.
3. Kila ushirika wa nyumbani umtafute mmoja anayengoja na kumuuliza, faraghani, angependa aombewe vipi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Isaya alileta tini baada ya ahadi kutolewa?
2. Ni maneno gani tumezoea kusema kanisani ambayo ni ya Penina, ingawa tunayasema kwa upendo?
3. Ni nini katika maisha yako kiko kati ya mstari wa 7 na wa 20? Je, umekula?

OMBI

Baba, wewe unalijua kila tumbo katika kanisa hili, lililobeba na lililo tupu. Wape madaktari wetu hekima, uwape waume subira, ulipe kanisa lako ulimi wa upole. Wanaongoja uwape mtoto, tunakuomba bila haya. Na kabla hujajibu, utupe uso usio na huzuni, tuweze kuketi mezani na kula. Katika jina la Yesu, Amina.